Kioo Kinasingiziwa

Mashindano ya Formula 1 yakipita mawili matatu mfululizo bila gari la mbele kuguswa, malalamiko ya mashabiki huwa ni yaleyale, na miongoni mwa dawa zinazopendekezwa ipo moja isiyochoka kurudi: ng'oeni vioo vya pembeni. Hoja yake anaielewa hata mtu asiyefuatilia mbio. Dereva wa mbele akitupia jicho kioo anamwona mwenzake akijiandaa kupita upande wa ndani wa kona, naye anahamia hukohuko na kumziba. Mnyime kioo, hatajua amzibe nani wala amzibe wapi. Wa nyuma atapita, na watazamaji watapata walichokifuata. Hakuna injini mpya ya kuunda wala bawa la kuchonga upya, ni kazi ya bisibisi tu. Wepesi huo ndio unaoipa hoja uhai. Lakini ukiipima kwa yale ambayo mchezo wenyewe umeshayaonyesha kwa zaidi ya miaka mia, haisimami. Kioo kinasingiziwa kosa la upepo, na kukiondoa kungepunguza magari kupitana badala ya kuongeza.

Tuweke mipaka kwanza. Katika Safari Rally ya Kenya swali hili halina uzito, maana magari huachiwa moja moja kwa kupishana dakika kadhaa, na kila dereva anashindana na saa. Tunazungumzia mbio za kwenye saketi, ambako magari huanza pamoja na nafasi hupatikana kwa kumpita mtu. Huko ndiko kioo cha mbio kilikozaliwa. Tarehe 30 Mei 1911 magari 40 yalijipanga Indianapolis, Marekani, kwa mbio za kwanza za maili 500, sawa na kilomita 805. Siku zile gari la mashindano lilibeba watu wawili: dereva, na fundi aliyekaa kando yake, ambaye pamoja na kuangalia mafuta na injini ndiye aliyekuwa macho ya nyuma. Ray Harroun alikuja na Marmon Wasp, gari jembamba la kiti kimoja, na wapinzani wake wakalalamika kwamba mtu asiye na wa kumwangalizia nyuma ni hatari kwa wenzake. Harroun akafunga kioo mbele ya kiti chake, akakubaliwa, akashinda kwa mwendo wa wastani wa kilomita 120 kwa saa. Baadaye alisimulia kwamba uwanja ule wa matofali ulikitikisa kioo hata hakuona kitu. Kwa hiyo kioo kiliingia mbioni kwa madai ya waliotaka kulindwa dhidi ya mwenye nacho. Hakikuletwa kuwa silaha yake ya kuwazibia njia, na aliyekifunga alishinda bila kufaidi chochote kutoka kwacho.

Kioo cha leo ni bora zaidi, lakini nacho kisipewe sifa kisizostahili. Hadi mwaka 2022 kioo cha gari la Formula 1 kilikuwa na upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 50. Kuanzia 2023 kikaongezwa hadi milimita 200 kwa 60, kwa sababu madereva walilalamika kwamba matairi mapya makubwa na umbo jipya la gari vilikuwa vimewafunika nyuma kabisa. Jaribio linalotumika kukiidhinisha linatosha kueleza hali yenyewe: dereva anaketi kitini, gari limesimama, na kwenye mbao zilizowekwa mita 10 nyuma zinabandikwa herufi na tarakimu zenye kimo cha milimita 150, naye anatakiwa azisome kupitia vioo. Hapo hakuna mtetemo, hakuna mvua, hakuna jua la jioni machoni. Gari likishaanza kukimbia, bawa la nyuma linameza sehemu ya picha, tairi linameza nyingine, na kilichobaki kinatetemeka. Dereva hawezi kugeuza shingo atazame mwenyewe, kwa kuwa helmeti yake imefungwa kwa kifaa cha kulinda shingo ambacho ni lazima kwenye Formula 1 tangu 2003, na pande zote mbili za kichwa zimezibwa na mito ya kinga. Anachokiona kiooni ni rangi ya gari na upande lilipo. Kioo kinamwambia kwamba kuna mtu, lakini hakimwambii mtu huyo ameamua nini.

Hesabu ndogo itaonyesha jinsi taarifa hiyo ilivyo na thamani ndogo kwa anayejilinda. Kasi ya kilomita 300 kwa saa ni mita 83 kila sekunde. Tuseme wa nyuma amempata mwenzake kwenye njia iliyonyooka na ana kasi ya ziada ya kilomita 20 kwa saa. Anamkaribia kwa mita tano na nusu kila sekunde, takriban urefu wa gari lenyewe. Ikiwa alikuwa nyuma kwa nusu sekunde, kati yao kuna mita kama 40, na atahitaji sekunde saba hivi kuzimaliza. Katika sekunde hizo saba mhandisi ameshamwambia dereva wa mbele kwa redio nani yuko nyuma na kwa umbali gani. Zaidi ya hapo, kona inayofuata ina pande mbili tu, na ule wa ndani ndio ulio mfupi. Dereva mzoefu huufunika upande wa ndani mapema, kabla hajaona kitu, kwa sababu umbo la kona lenyewe limeshamwambia shambulio litatokea wapi. Kioo humthibitishia jambo ambalo tayari analijua. Mwondolee, na bado atakwenda ndani.

Kama si kioo, basi nini kinamzuia wa nyuma? Jibu la kwanza na kubwa kuliko yote ni hewa. Gari la Formula 1 halishiki lami kwa uzito wake na matairi pekee. Mabawa ya mbele na ya nyuma, pamoja na sakafu yake, yameundwa ili hewa inayopita ilikandamize gari chini, na mgandamizo huo ndio unaoliwezesha kupiga kona kwa kasi ambayo gari la kawaida lingeruka nje. Lakini hewa hiyo ni lazima ifike ikiwa tulivu. Gari la mbele likishaipasua linaiacha ikiwa imevurugika, na la nyuma linapoingia kwenye vurugu hiyo mabawa yake yanakosa cha kushika. Wasimamizi wa Formula 1 walipokuwa wakiandaa kanuni za 2022 walitoa hesabu yao: gari la wakati ule lilipoteza asilimia 35 ya mgandamizo likiwa mita 20 nyuma ya jingine, na asilimia 46 likiwa mita 10. Maana yake ni kwamba kadiri dereva anavyomkaribia mwenzake ndivyo gari lake linavyozidi kuteleza, matairi yanapata moto, na hatimaye analazimika kurudi nyuma ili kuyaokoa. Katika kona ya kasi, ambako ndiko angetakiwa kuwa amebanana na wa mbele ili amshambulie kwenye njia iliyonyooka inayofuata, anaachwa. Wa mbele hajafanya lolote. Huenda hata hajaangalia kioo.

Jibu la pili ni breki na upana. Breki za kaboni hulitoa gari kwenye kasi inayozidi kilomita 300 na kulifikisha kwenye kasi ya kona ya polepole ndani ya takriban mita mia moja. Kumpita mtu kwa breki maana yake ni kuchelewa kufunga breki kuliko yeye, na katika umbali mfupi namna hiyo hakuna nafasi ya kuchelewa sana. Ukizidisha mita chache umepitiliza kona. Nayo magari yalipanuliwa mwaka 2017 hadi mita mbili. Kule Monaco, ambako saketi ni barabara za mji, magari mawili yenye upana huo yalipolingana kwenye kona hapakuwa na pa kupumulia. Mwaka 1992, miaka mingi kabla ya upanuzi huo, Nigel Mansell akiwa na matairi mapya na gari lenye kasi kubwa zaidi alimfuata Ayrton Senna kwa mizunguko ya mwisho akijaribu kila upande, na Senna akafika mbele kwa sekunde 0.215. Barabara ilikuwa imemaliza kazi kabla vioo havijaulizwa.

Mifano miwili mingine inaonyesha ulinzi unaofanywa na injini. Juni 1981 huko Jarama, Hispania, Gilles Villeneuve aliongoza kwa zaidi ya mizunguko 60 akiwa na Ferrari iliyokuwa mbaya kwenye kona lakini yenye injini ya turbo iliyokuwa na nguvu kwenye njia iliyonyooka. Nyuma yake walijipanga Laffite, Watson, Reutemann na de Angelis, na watano hao walivuka mstari wa mwisho ndani ya sekunde 1.24. Kila walipomkaribia kwenye kona, Ferrari iliwakimbia ilipofika mahali pa kupitana. Miaka 29 baadaye huko Abu Dhabi, Fernando Alonso alikwenda akiongoza msimamo wa ubingwa, akahitaji nafasi ya nne tu. Akajikuta nyuma ya Renault ya Vitaly Petrov kwa karibu mizunguko 40. Renault ile ilikuwa kali kwenye njia iliyonyooka, na Alonso hakuweza kuisogelea vya kutosha kwenye kona zilizotangulia. Akamaliza wa saba na kuukosa ubingwa kwa pointi nne, ukaenda kwa Sebastian Vettel. Ng'oa vioo vya Villeneuve na vya Petrov, na sioni ni kona ipi ambayo matokeo yangebadilika.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni mifano ya kuchagua. Ni haki kusema hivyo, kwa hiyo tutafute kipimo kisichotegemea mbio moja moja. Kwa bahati njema mchezo wenyewe umetupa majaribio ya kulinganisha, maana ipo michezo ya mbio isiyo na vioo kabisa. Tuigawe kwa mambo mawili: kioo kipo au hakipo, mabawa yapo au hayapo. Gokati za mashindano, zile za kukalia karibu kugusa lami ambazo karibu kila bingwa wa Formula 1 wa miongo ya karibuni alianzia utotoni, kwa kawaida hazina vioo wala mabawa, na watoto hupitana kila mara. Formula Ford, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1967 kwa magari madogo ya injini ya kawaida, ina vioo lakini haina mabawa, na sifa yake miaka yote imekuwa ni kundi la magari yanayobadilishana nafasi kila mzunguko. Formula 1 ina vioo na mabawa, na kupitana ni shida. Ukiishia hapo utaona kwamba kati ya Formula Ford na Formula 1 vioo vipo kotekote. Kilichoongezeka ni mabawa, na kilichopungua ni kupitana.

Kundi la nne ndilo linaloamua kesi, na watetezi wa kung'oa vioo wenyewe hupenda kulitaja: pikipiki. Pikipiki za mashindano hazina vioo, na kwa miaka mingi zimetoa mbio ambazo mashabiki wa magari walizionea wivu. Wanauliza, je, huo si ushahidi? Ungekuwa ushahidi kama pikipiki na magari vingetofautiana kwa vioo tu. Pikipiki ni nyembamba, na barabara ambayo magari mawili yanaijaza inaachia pikipiki nafasi tatu nne za kupita. Inahitaji umbali mrefu zaidi wa kufunga breki, kwa hiyo pa kuchelewea papo. Na zaidi ya yote, kwa miongo mingi haikuwa na mabawa. Kisha ikayapata. Kuanzia mwaka 2015 Ducati ilianza kufunga mabawa kwenye pikipiki zake za MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki, wengine wakafuata, na baadaye vikaja vifaa vya kushusha pikipiki wakati wa kuondoka na kutoka kwenye kona. Matokeo yake waendeshaji wakaanza kulalamika maneno yaleyale ya madereva wa Formula 1: ukimfuata mtu kwa karibu, tairi la mbele linapata moto, shinikizo la upepo ndani yake linapanda, pikipiki inakataa kusimama, na kupita kunakuwa kugumu. Vioo havikuwapo kabla, havikuwapo baada. Kilichobadilika ni hewa, na kupitana kukabadilika nako.

Wikiendi ya MotoGP inatoa kipimo kingine kwenye saketi ileile. Kabla ya pikipiki kubwa hukimbia za Moto3, zenye injini ya silinda moja ya sentimita za ujazo 250, na mabawa yamekatazwa kwao tangu 2016. Huko si ajabu pikipiki kumi au zaidi kuvuka mstari zikiwa zimefuatana kwa sekunde moja mbili, na aliyeongoza mwanzo wa mzunguko wa mwisho akamaliza wa tano. Mashindano yote mawili hayana vioo. Kama kutoona nyuma ndiko kunakozaa kupitana, yangelingana. Na wakubwa wa MotoGP wenyewe wamesoma somo hilo: kanuni zao za 2027 zinapunguza injini kutoka sentimita za ujazo 1000 hadi 850, zinapunguza mabawa, na zinapiga marufuku vifaa vya kushusha pikipiki.

Mpaka hapa nimeonyesha kwamba kioo si kizuizi kikubwa. Bado kuna dai lililo gumu zaidi, kwamba kuking'oa kungeleta madhara hata kwa wanaotaka kupita. Hapa inabidi tuangalie kupitana kulivyo hasa. Mtu akiwa mbali na mchezo huona ni ushindi wa mmoja dhidi ya mwingine, lakini katika sekunde ile ya kona ni jambo la watu wawili wanaotegemeana. Anayechelewa kufunga breki na kuingiza pua upande wa ndani anaweka dau kwamba wa mbele amemwona na atamwachia nafasi ya gari moja. Ni kama dereva wa basi anayelipita lori kwenye barabara kuu: hathubutu mpaka awe na hakika kwamba mwenye lori amemwona kwenye saiti mira yake. Mwambie lori lile halina vioo, atakaa nyuma yake hadi barabara itanuke. Dereva wa mbio naye angefanya hivyo, maana kugongana kunamwondoa yeye kama kunavyomwondoa mwenzake, na gari lililovunjika bawa la mbele halichukui pointi.

Sheria zenyewe zimejengwa juu ya kuonana huko. Mwongozo ambao waamuzi wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, huutumia kuamua nani alistahili kona unasema anayepita kwa ndani anastahili kuachiwa nafasi ikiwa, walipofika kwenye kilele cha kona, ekseli yake ya mbele ilikuwa angalau sambamba na kioo cha gari la mwenzake. Kipimo hicho hakikuwekwa hivihivi. Gari likifika kwenye kioo, dereva aliyeketi karibu nacho hana udhuru tena wa kusema hakujua. Ondoa kioo, na udhuru unarudi. Kila mgongano utaishia kwa maneno mamoja, "sikumwona", na waamuzi hawatakuwa na la kujibu kwa sababu kanuni zenyewe ndizo zilizomzuia asione.

Fikiria pia atakavyoendesha huyo asiyeona. Wanaotaka vioo viondoke wanadhani ataendesha kana kwamba yuko peke yake, akichukua njia yake ya kawaida na kuacha mlango wazi. Lakini asiyejua kama adui yuko au hayupo huchukulia kwamba yupo. Atakaa upande wa ndani kwenye kila kona kubwa, mzunguko baada ya mzunguko, kwa tahadhari. Leo akitazama kioo na kuona nyuma pako tupu, anatumia njia pana. Wa nyuma akija ghafla anamkuta pabaya. Taarifa ya kioo humfungua wakati mwingine kama inavyomfunga wakati mwingine.

Katika mbio za masaa mengi, ambako magari ya madaraja tofauti hukimbia pamoja, kuona nyuma ni suala la uhai. Kule Le Mans, Ufaransa, gari la daraja la juu huyapita magari ya madaraja ya chini mara nyingi sana kwa usiku na mchana. Mwaka 2011 Audi ilipeleka magari matatu, mawili yakavunjika vibaya, kila moja baada ya kugusana na Ferrari ya daraja la chini ambayo lilikuwa likiipita: la Allan McNish saa ya kwanza kabisa, na la Mike Rockenfeller usiku. Wote wawili walitoka hai, na gari la tatu likashinda kwa sekunde zisizofika 14. Mwaka uliofuata Audi iliweka kamera nyuma ya gari lake, ambalo halikuwa na dirisha la nyuma, na skrini mbele ya dereva. Mwaka 2013 timu ya Corvette, iliyo miongoni mwa wanaopitwa, ikafunga rada inayomwonyesha dereva gari linalokuja, kasi yake na upande linakoelekea kupita. Waliowekeza fedha katika kuona nyuma ni wale ambao kazi yao ya kila mzunguko ni kupita na kupitwa, na lengo lao lilikuwa kupitana kufanyike haraka bila kuvunjana.

Upande wa pili una kesi moja nzito ambayo si haki kuiruka. Tarehe 8 Mei 1982 huko Zolder, Ubelgiji, katika mazoezi ya kuwania nafasi, Gilles Villeneuve alimkuta Jochen Mass akienda polepole. Mass alimwona akija, akahamia kulia ampishe. Wakati huohuo Villeneuve akaamua kupita kulia. Magari yaligongana na Villeneuve akafa. Mtu anaweza kusema: hapo kioo kiliua, kwani kama Mass asingeona asingehama. Ni kweli kwamba taarifa pungufu inaweza kumpoteza mtu. Lakini tatizo la siku ile lilikuwa kwamba mmoja hakujua mwenzake ameamua nini, na jibu ambalo mchezo ulilijenga kwa miaka iliyofuata lilikuwa kuongeza mawasiliano: taa za rangi ya bendera ndani ya chumba cha dereva, redio, na mwenendo unaotabirika wa anayepitwa. Kumpofusha Mass kungeondoa ajali moja ya aina hiyo na kuzaa nyingine nyingi za yule anayekata kona bila kujua kuna mtu kando yake.

Kuna kikwazo kingine cha kiutendaji. Kuona si kwa macho pekee. Timu ya Formula 1 inajua mahali lilipo kila gari wakati wote, na mhandisi anaweza kumwambia dereva umbali uliobaki kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Katika mbio za NASCAR kila dereva ana mtu aliyesimama juu ya jukwaa akimsomea hali kwa redio: yuko ndani, yuko nje, umeshampita. Ukiondoa vioo, timu itajaza pengo kwa sauti. Utalazimika kupiga marufuku redio nayo, na ikifika hapo umeondoa pia njia ya kumwonya dereva kwamba kuna gari limesimama mbele ya kona asiyoiona.

Nakubali kwamba ndani ya malalamiko haya mna kipande cha kweli. Kumwona mtu akihama na wewe ukahama kumfuata ni kuziba, na kuziba kunakera watazamaji na kuhatarisha madereva. Ila ugonjwa huo una dawa yake, nayo ni sheria inayogusa usukani wala haigusi macho. IndyCar ya Marekani inakataza dereva kubadili njia kwa kujibu hatua ya anayemfuata. Chagua upande mapema ukitaka, lakini ukisubiri aamue ndipo umzibe, unaadhibiwa. Formula 1 inaruhusu hatua moja tu ya kujilinda, inamtaka anayerudi kwenye njia yake aache nafasi ya gari moja, na mwaka 2016 iliongeza katazo la kuhamahama wakati wa kufunga breki baada ya wenzake kumlalamikia Max Verstappen. Mtu anayetaka kuona mashambulizi zaidi angedai kanuni ya IndyCar itumike kila mahali na waamuzi waisimamie bila huruma. Hapo atapata kile hasa alichokitaka kwenye kioo, dereva asiyejibu mapigo, huku dereva huyohuyo akiendelea kujua aliye kando yake.

Hata hivyo sheria ya kuziba haitatosha hewa ikiwa bado chafu. Mwaka 2011 Formula 1 ilianza kumruhusu aliye nyuma kwa chini ya sekunde moja kufungua bawa lake la nyuma kwenye njia iliyonyooka, na mwaka huohuo yakaja matairi yanayochakaa haraka. Kupitana kukaongezeka sana, vioo vikiwa palepale. Kanuni za 2022 zililenga kushusha upotevu wa mgandamizo hadi asilimia 4 kwenye mita 20 na 18 kwenye mita 10, zikasaidia mwanzoni, kisha timu zikabuni njia za kuivuruga hewa upya. Za 2026 zimepunguza upana wa gari kwa sentimita 10, zimefupisha nafasi kati ya ekseli kwa sentimita 20, zimeleta mabawa yanayobadilika kwa magari yote, na zinampa anayefuata kwa karibu nguvu ya ziada ya umeme. Kila moja ya hatua hizi inaweza kubishaniwa, na wapo wanaosema kupita kwa kufunguliwa bawa ni zawadi tu. Lakini zote zinafanana kwa jambo moja: zinamwongezea uwezo yule anayetaka kupita. Pendekezo la kung'oa vioo halimwongezei chochote. Linampunguzia ujuzi anayepitwa, na kumwachia wa nyuma gari lilelile linaloteleza kwenye hewa ileile. Kwa hiyo likija pendekezo jingine la kuzipa mbio uhai, na litakuja, la kuuliza kwanza ni kama litamwezesha wa nyuma kuifuata kona akiwa mita 10 kutoka kwa wa mbele. Lisipoweza hilo, halina la kufanya kwenye kona inayofuata.